Mama Anayewashusha Wageni Chini

Kabla ya kuwashusha wageni baharini kupiga mbizi, yule mama huwapitia mmoja mmoja, akawakaza mikanda, akasoma geji ya kila mtungi wa hewa, akasema kwa sauti ileile iliyochoka, "Ukibakiwa na nusu, nionyeshe." Mimi ndiye nahodha wa boti yake hapa kisiwani Bunaken, Indonesia, mwaka wa tisa sasa. Vidole vyake vimekunjamana kwa maji hata siku za mapumziko, na akipanda ngazi ya boti hukaa kwanza juu ya ngazi, macho kayafumba, kama anayetafuta sababu ya kusimama.

Juzi daktari mmoja wa meno kutoka mji wa Surabaya alimfukuza kasa kwenye ukuta wa matumbawe, akazama kupita kina kilichoruhusiwa, hewa ikamwishia. Mama alimfuata kwa kasi, bila kusubiri masikio yazoee kina, akampa bomba lake la akiba la kupumulia, wakapanda polepole pamoja. Botini mgeni akafoka, "Umeniharibia picha, mama! Kasa alikuwa hapa, mbele ya pua yangu!"

"Samahani, daktari," akasema, akampa taulo na ndizi ya kukaanga yenye pilipili.

Kisha akaja kuketi karibu yangu. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani. Sasa damu ilikuwa ikichuruzika kutoka la kulia.

"Dada, twende hospitali," nikamwambia. Hakugeuka. Nikamshika bega, nikarudia kwa kelele.

"Nimekusikia, Yopi," akasema, akiitazama midomo yangu. "Kesho nina wageni sita."