Saluni ya Mumbi Iliyohamia Louisiana

Kalisti ni seremala wa filamu. Hujenga kuta ambazo nyuma yake hakuna nyumba, na huzijenga vizuri kiasi kwamba mwigizaji mmoja aliwahi kufungua dirisha lake atupe ganda la ndizi nje, likagonga ubao uliochorwa mawingu na kumrudia miguuni.

Shida ni kwamba anaishi Riverdale Park, Maryland, kando ya Washington, na filamu haziishi huku. Mwaka 2004 ungetazama sinema ya Washington, majasusi wanakimbizana, bendera zinapepea, ukadhani imepigwa hapa jirani. Wapi! Walikuja siku mbili wakapiga majengo meupe, wakahama. Jimbo la Louisiana walikuwa wanawarudishia waandaaji sehemu ya kodi. Sisi hatukuwa na ofa ya namna hiyo. Tulikuwa na mandhari na tabasamu. Kwa hiyo Kalisti akawa anazifuata filamu kule zilikokimbilia, mpaka siku aliporudi, mwanawe Ethan akafungua mlango, akageuka na kumwambia mama yake kwa Kiingereza: yule mtu wa kwenye simu amekuja.

Mkewe Akinyi, anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, alicheka. Kisha akaacha.

"Baba Ethan, ukienda tena, usishangae mtoto akikukaribisha chai kama mgeni."

"Siendi. Filamu ijayo naijenga hapa hapa."

Ikaja kweli. Hadithi ya kinyozi aliyeshuhudia mauaji. Mwandaaji wake, Bwana Whitcomb, alizunguka barabara ya Route 1 akitafuta saluni, akaipenda ya Mumbi. Watoto wetu wote, sisi Waafrika Mashariki wa hapa, hunyolewa pale, na kila anayemaliza husimamishwa kwenye fremu ya mlango, Mumbi akachora mstari juu ya kichwa chake na kuandika jina. Mistari ya Ethan inapanda kama ngazi.

Whitcomb alisema bado anapima kati ya hapa na Louisiana. Basi tukafanya tunachofanya likitokea lolote, uwe msiba, harusi au mtu kufeli mtihani wa udereva: tukaunda kamati. Mwenyekiti, Laurean, karani wa ubalozini, mtu ambaye hata akiomba chumvi huanza na itifaki.

"Waheshimiwa," alisema, "huyu bwana ni mchumba. Ameona mabinti wawili. Yule wa Louisiana ana mali. Wetu ana adabu. Tumlishe."

"Laurean, wewe ushaona wapi mzungu akioa saluni?" Mumbi akauliza.

"Mama, pika chapati."

Tukampokea Whitcomb kama mgeni rasmi. Pilau, chapati, kuku, hotuba ya Laurean iliyofanya kuku apoe. Kitenge kwa ajili ya mkewe. Kalisti hakukaa. Alimwonyesha kila kitu: jua linaingia upande gani asubuhi, ukuta upi unaweza kuondolewa kamera ipite, vioo vimening'inizwa vipi. Whitcomb akatoa futi ya utepe, wakapima pamoja. Akapiga picha sakafu, soketi, hata ile mistari ya watoto.

"Anapima!" Laurean akaninong'oneza, karibu alie. "Anapima nyumba ya wakwe!"

Mgeni alikula mara mbili, akafungiwa chakula kingine aende nacho. Kwetu mtu wa hivyo ameshajibu. Kalisti aliondoka amembeba Ethan mabegani, anamwahidi kwamba kila siku baada ya shule atakuja kumwona baba akifanya kazi.

Baada ya wiki mbili Whitcomb akapiga simu, mchangamfu kabisa. Filamu inakwenda Louisiana. Wataijenga saluni yote ndani ya ghala, na vile vipimo vimewasaidia ajabu. Je, Kalisti angekubali kuwa fundi mkuu? Maana nani anaijua kama yeye?

"Tumemtolea binti mahari wenyewe," alisema Mumbi.

Kalisti alitaka kukataa. Lakini Ethan ana pumu, na bima ya matibabu ya familia ilitoka kwenye kazi hiyo ya filamu. Akinyi ndiye aliyempakia begi.

Kule akaijenga. Vioo, soketi, ufa wa sakafu. Mwisho akafungua zile picha na kunakili mistari ya watoto, jina kwa jina. Ya Ethan aliichora taratibu, kisha akampigia simu kumwambia.

Siku moja, wakiwa katikati ya kupiga filamu, Ethan akampigia simu. Amenyolewa. Auntie Mumbi ameweka mstari mpya, juu ya ile yote, upana wa vidole viwili. Baba aweke na huko.

Kalisti akachomoa penseli sikioni, akapima vidole viwili, akachora. Alikuwa bado anaandika jina pale msichana anayehakikisha kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa kwenye picha zilizotangulia alipomfikia na kamera yake.

"Kalisti, futa huo mstari. Jana haukuwepo. Kwenye filamu bado ni siku ile ile."

"Dadi? Umeweka?" Ethan akauliza kwenye simu.

Kalisti akalowesha kidole gumba kwa mate na kuusugua ule mstari mpaka ubao ukabaki safi.

"Nimeweka, baba," akasema. "Umekuwa mrefu."