Nagusa, Alisema Kapteni wa Koboko

Mtu wa Tanga kumwambia anyamaze ni sawa na kumwambia kuku asichakure, lakini asubuhi ile mwenyeji wangu aliniomba hivyo hivyo. "Mwalimu, ukifika Koboko puliza filimbi tu," alisema. "Maneno weka mfukoni."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa Arua, karibu na mpaka wa Sudan na Zaire, kwa muhula mmoja, nimealikwa na chuo cha ualimu kufundisha michezo. Kwetu Tanzania nilikuwa na cheti cha uamuzi wa mpira wa wavu, na habari hiyo haikuchukua muda kuenea. Timu ya Arua na ya Koboko zilikuwa na mechi yao ya kila mwaka, na mara mbili mfululizo ilikuwa imevunjika katikati. Mwamuzi akitoka Arua, Koboko wanasema wameibiwa. Akitoka Koboko, Arua nao wanasema hivyo hivyo. Ofisa wa michezo alikuwa ameshatamka kwamba ikivunjika tena, basi, haitachezwa milele. Ndipo wakatafuta mtu asiye na upande, wakaniona mimi.

Asiye na upande! Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Arua, na siku hiyo angekuwa mwamuzi wangu wa pili. Alijua vizuri tunakokwenda. Koboko ni mji wa familia za askari. Mwaka wa sabini na tisa, serikali ya askari hao ilipoanguka, jeshi lililosonga mpaka huku lilitoka kwetu, na watu walikimbilia Sudan na Zaire na watoto mgongoni. Walikaa huko miaka. Sasa walikuwa wamerudi, wanakandika nyumba upya, na mimi nakwenda kuwaamulia mpira kwa Kiswahili kile kile cha wanajeshi wale.

Tulifika mchana na pikapu ya chuo, nywele zimejaa vumbi jekundu. Kapteni wa Koboko alikuwa uwanjani anakaza kamba za wavu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi baiskeli, mwenye mikono myeusi kwa grisi. Waliporudi kutoka Sudan ni yeye aliyewakusanya vijana, akawafundisha, na ule wavu aliusuka mwenyewe kwa kamba za nailoni. Alinipa mkono. Nikasema, "Nimefurahi sana kufika kwenu." Mkono wake ukalegea ndani ya wangu.

"Wewe natoka Tanzania," alisema.

Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Mgeni kuku mweupe, hajifichi. Akawageukia wenzake wakazungumza lugha yao, Kikakwa, mimi nimesimama kama mwizi aliyekamatwa na taulo la watu. Kisha akarudi.

"Sisi nacheza," alisema. "Lakini kama iko wizi, sisi natoa neti yetu, nakwenda nyumbani. Na mechi kwisha."

Sauti yake haikuwa ya vitisho. Niliona kabisa kwamba mtu wa kuumia mechi ikifa ni yeye, na kwamba alikuwa tayari kuiua kwa mkono wake kuliko kudhulumiwa mbele ya mji mzima. Niliogopa. Nikapanda juu ya meza waliyoniwekea karibu na nguzo, nikajiambia, mwanamke, leo fungua macho.

Na mchezo ulikuwa mtamu, jamani! Arua walikuwa warefu, wanapiga mpira unalia. Koboko walikuwa wafupi lakini hawakubali mpira uguse chini. Wanajirusha vumbini kama paka. Akina mama wa Kinubi walikaa kwenye mikeka upande mmoja na vitambaa vyao vya rangi, wanapiga vigelegele kwa kila pointi ya nyumbani. Nilipuliza, nikaonyesha kwa mikono, maneno nikayaweka mfukoni kama nilivyoagizwa. Arua wakachukua seti mbili, Koboko mbili. Tukaingia seti ya tano.

Hapo lazima nieleze jambo. Kiswahili chao nilishakizoea, au nilijidanganya hivyo. Siku za kwanza chuoni nilikuwa nawasahihisha, kwa kiherehere changu, mpaka mwanafunzi mmoja akaniuliza kama nimeletwa kufundisha mpira au kufundisha mdomo. Nikakoma. Nikajifunza kwamba hawahangaiki na nyakati. Mtu akisema "nakula" huenda anakula, huenda alishakula zamani. Nikajiona mjuzi.

Basi, ikawa kumi na nne kwa kumi na tatu, Arua wanaongoza. Pointi moja tu wamalize. Mpira ukapaa juu ya wavu, kapteni wa Koboko akaruka upande wake, mrefu mmoja wa Arua akaruka upande wake, wakakutana. Wavu ukatikisika. Nikapuliza. Lakini nani ameugusa? Jua lilikuwa machoni mwangu na miili ilikuwa imefunikana. Sikuona.

Kapteni akanyoosha mkono juu. "Nagusa!" alisema. "Nagusa, mwalimu!"

Moyo wangu ukajaa. Nilifundishwa kwamba mchezaji muungwana akigusa wavu hunyoosha mkono na kukiri. Nikamtazama kijana yule, nikasema moyoni, huyu ndiye mwanaume. Nikaonyesha kwa mkono, pointi ya Arua. Mechi imekwisha.

Arua walianza kukumbatiana. Kapteni alibaki amesimama, mkono bado uko juu, mdomo wazi. Vigelegele vikakatika. Halafu akaushusha mkono, akaenda kwenye nguzo bila kunitazama, akaanza kufungua fundo la kamba. Mwanamume mmoja nyuma ya mstari akasema kwa sauti, "Nasemaje? Mutu ya Tanzania ni ile ile."

Mwamuzi wangu wa pili alikuja mbio, akanivuta gauni niiname. "Umempa nani?" aliuliza. "Yeye kasema yule wa Arua amegusa!"

"Amesema *nagusa*. Mwenyewe!"

"Mwalimu, nagusa ya hapa si mimi peke yangu. Mimi nagusa, wewe nagusa, yeye nagusa. Wote ni nagusa! Alikuwa anashtaki."

Ee Mola wangu. Miezi yote ile nilikuwa nawasikia, "wewe natoka", "sisi nacheza", na sikio langu la Tanga linapita tu juu juu. Nikamgeukia yule mrefu wa Arua. Yeye alikuwa amelielewa lile neno tangu mwanzo, na wenzake walikuwa wanamtazama anyamaze. Nikamuuliza kama ni yeye aliyegusa wavu. Akatazama viatu vyake. Akamtazama kapteni aliyekuwa ameshafungua kamba ya juu. Kisha akaweka kiganja kifuani.

"Nagusa," alisema.

Nikashuka mezani. Kwa sheria mwamuzi hashuki, hubadilisha uamuzi kutoka juu, lakini nilishuka. Nilitembea mpaka kwenye nguzo nikasimama mbele ya kapteni, watu wote wananitazama.

"Nimekosea," nilimwambia. "Sikulielewa neno lako. Pointi ni ya kwenu. Nisamehe."

Alinitazama, kamba mkononi. Halafu akaanza kuikaza tena, akaivuta na kuijaribu kwa kidole kama anayepima waya wa breki. Kumi na nne kwa kumi na nne. Tukaendelea.

Koboko walishindwa, kumi na sita kwa kumi na nne, na mpira wa mwisho ulianguka ndani mbele ya macho ya kila mtu. Hakuna aliyegusa wavu baada ya hapo isipokuwa kuufungua na kuukunja vizuri. Wakapeana mikono. Watu wakaanza kupanga mechi ya mwaka unaofuata, nyumbani kwa Arua, wakibishana kwa furaha juu ya gari.

Kapteni alinifuata nilipokuwa nanawa uso. "Mwaka ile," alisema, "mimi nalala chini ya kitanda na mama. Nasikia hii Kiswahili yako nje ya mlango. Leo ndiyo mara ya kwanza mimi nasikia hii Kiswahili nasema *nimekosea*."

Nikamuuliza mama yake yuko wapi siku hizi.

"Iko pale," alisema. "Naita wewe."

Alikuwa mwisho wa mikeka, mama mnene mwenye kitambaa cha njano, miguu ameinyoosha. Nikaenda, nikapiga magoti nimwamkie. Aliushika mkono wangu, akauzuia.

"Ile maneno wewe naambia kijana yangu," alisema. "Mimi iko mbali, hapana sikia vizuri. Ambia mimi pia."

Nikamwambia, polepole, ili asikie. Akaitikia kwa kichwa, akasogea kidogo, nikakaa naye kwenye mkeka.