Buti la Mke Mwenza

Siku msimamizi wa kiwanda cha pweza alipotangaza kwamba asiye na gambuti asikanyage tena ndani, mama yangu alikuwa amevaa kandambili ya mguu mmoja, na mguu wa pili ameuzungushia kitambaa. Kandambili ya kuutosha mguu wake wa kushoto haijatengenezwa. Mguu ule una tende: kuanzia gotini umeshuka mnene mpaka vidoleni, ngozi imekakamaa na kujikunja kwenye kifundo. Wa kulia ni mwembamba na mzuri, mguu wa mwanamke aliyesifiwa ujanani, na mama huutanguliza kila anapoingia kwenye nyumba ya watu.

Wakaguzi walikuwa wamekuja wakawakuta wanawake pekupeku ndani ya maji ya pweza, wakakasirika, wakaondoka na gari lao. Ndipo ikaja amri: gambuti nyeupe, nzima, zisizopitisha maji. Mlangoni pakajengwa beseni la saruji, likajazwa maji ya dawa, na kila anayeingia lazima apite humo. Asiyeweza akae kwao. Mama alitegemea kazi ile kwa kila tonge. Aligeuza vichwa vya pweza nje ndani, akatoa matumbo, akasugua ute mpaka nyama ikakwaruza kidole, na jioni alirudi Makorora akinuka bahari iliyooza, lakini mkononi ana unga na mafuta.

Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya watu wasiosemezana. Baba alikufa akaacha wajane wawili chini ya paa moja, mama yangu na mama mkubwa, mke wake wa kwanza, vyumba vyao vikitazamana ukumbini. Hakuna aliyekubali kuhama amwachie mwenzake nyumba. Walipotaka kuambiana jambo walipitia kwangu. Nilikuwa mtu mzima, nimerudi nyumbani na talaka yangu na cherehani yangu, nashona barazani. "Mwambie mama yako kisima si cha kwake peke yake," mama mkubwa angesema, na mama yangu yupo hapo hapo anapeta mchele, amesikia kila neno. Nami ningesema, "Mama, kisima si chako peke yako." Nilipojaribu kukataa, wote wawili walininunia kwa pamoja, na huo ndio umoja pekee niliowahi kuuona kwao.

Mama mkubwa naye ana tende. Wake ni mguu wa kulia. Wote wawili walikulia Tongoni, wakaumwa na mbu wale wale, na kiwandani pia walifanya kazi wote wawili, kila mmoja pembe yake. Marehemu baba alikuwa na mzaha aliousema mbele ya wageni, wake zake wakiwa wanaandaa chakula: kwamba katika miguu ile minne Mungu kampa mke mmoja mzima, na mwingine wa kujazia. Hakusema yupi ni yupi. Wageni walicheka, na yeye alicheka kuliko wageni. Nilimpenda baba yangu, lakini mdomo wake ulikuwa mchafu.

Nilimpakia mama kwenye karia ya baiskeli nikampeleka Ngamiani kwa muuza viatu. Yule bwana aliuangalia mguu, akamwita jirani yake wa duka la pili aje naye auangalie. "Mama," alisema, "huu tuutafutie ndoo." Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Mama alikaa kwenye stuli, akanyoosha mguu wa kulia mbele na wa kushoto akaurudisha chini ya kanga, na mimi ikabidi niutoe kwa mkono wangu. Nilikuwa na futi shingoni, nikaupima unyayo, nikapima kifundo, nikapima chini ya goti. Tukajaribu namba tisa, vidole tu vikaingia. Namba kumi ikakwama kwenye kisigino. Namba kumi na moja, tulipouvisha mguu mfuko wa nailoni ili uteleze, iliingia mpaka mwisho, na shingo ya buti ikatanuka ikakaa. Nilibonyeza mbele, vidole vilikuwa na nafasi. Nilimwambia asimame, akasimama, kisigino hakikupanda.

Kisha akavaa la kulia. Mguu ule mzuri ulizama humo ukapotea. Kila alipopiga hatua buti lilibaki chini na mguu ukapanda, halafu ukarudi na kulipiga sakafu.

"Jaza matambara," muuza viatu alisema.

Nilimwambia sakafu ya pweza ina ute, na buti lenye kisigino kinachopanda litamwangusha mtu na kisu mkononi. Nikamwomba atupe la kushoto namba kumi na moja na la kulia namba tano.

"Jozi haivunjwi. Hayo mawili yatakayobaki nimuuzie jini?"

Na kununua jozi mbili hatukuweza. Basi nikasema mama avue, twende zetu. La kushoto likagoma kutoka. Lilikuwa limenyonya mguu. Yule bwana akavuta, jirani yake akavuta, wakaita kijana wa mkokoteni naye akavuta, mama ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili na kanga inamshuka kiunoni, na barabara nzima inavunjika mbavu. Hakulia, wala hakuniangalia. Mwishowe wakamwaga maji ya sabuni ndani, likachomoka na kijana akaanguka chali, wakacheka upya. Muuza viatu akalinyanyua likidondoka povu, akasema limeshatumika, tulinunue. Nilimwambia maneno kuhusu mama yake mzazi ambayo hata leo ningeyarudia. Tulilinunua pamoja na mwenzake.

Nyumbani mama alijaza matambara la kulia, akajaribu kutembea ukumbini. Alianguka kabla hajafika mlango wa uani. Pazia la chumba cha mama mkubwa likasogea.

"Mwambie mama yako," sauti ikatoka ndani, "akivunjika, asilalie mkeka wangu."

Kesho yake nilimpelekea mama mkubwa chai, nikaona jozi mpya ya gambuti chini ya kitanda chake, namba tano. Alikuwa ameenda dukani peke yake, akapima mguu wake mzima tu kwa sababu ule mwingine aliona haya kuufunua mbele ya wanaume, akajidanganya kwamba la pili atalipasua kidogo liingie. Halikuingia hata vidole. Nilisimama na sinia mkononi nikaiona hesabu yote kama nguo iliyokwisha kukatwa: la kushoto kubwa kwa mama, la kulia kubwa kwa mama mkubwa, la kulia dogo kwa mama, la kushoto dogo kwa mama mkubwa. Nikaomba kumpima kwa futi. Miguu yao mizima ilikuwa sawa, na matende yao yalitofautiana kwa unene wa kidole.

Mama alipolisikia wazo langu alitema mate uani. "Miye nitie mguu wangu kwenye kitu chake?"

"Hakijawahi kumwingia, mama. Na mwisho wa mwezi unakuja, utakula nini?"

Alivuruga moto usiohitaji kuvurugwa. "Aanze yeye kukubali," akasema.

Nikavuka ukumbi. "Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Basi mwambie aliyekutuma nimekubali."

Walikaa kila mmoja mlangoni kwake, wakitazamana kwa mara ya kwanza tangu arobaini ya baba, nami nikachukua buti moja huku nikalipeleka kule, nikarudi na jingine. Wakavaa. Nilizunguka kila mguu nikibonyeza vidole na visigino kama ninavyofanya kwa bwana harusi mwenye suti mpya. Kila buti lilikaa mahali pake. Nilifurahi sana siku ile, nakiri, nikajiona nina akili kuliko wote waliowahi kuishi kwenye nyumba ile. Wanawake wawili hawakusema asante, si kwangu wala wao kwa wao. Asubuhi walitoka mmoja mbele, mwingine nyuma kwa umbali wa nyumba tatu, na gambuti nne nyeupe, zilizotoka jozi mbili, zikaelekea kiwandani.

Wakapita beseni la dawa, wakapita msimamizi, kazi ikaendelea. Hata miguu yao ilipata nafuu, maana tende likikaa kavu halipasuki ngozi. Wakirudi waliziosha, wakaziinamisha juu ya vijiti ukutani uani zikauke. Kwa miezi kadhaa nilidhani nimeiponya nyumba.

Kisha msimamizi akataka kila meza iwe na kiongozi, mtu wa kukagua pweza wa wenzake na kuwarudishia wasiosafishwa vizuri, na kiongozi angekuwa na posho yake. Kwenye kazi hakuna aliyemshinda mama mkubwa. Akapewa yeye, na mama akahamishiwa kwenye meza yake.

Mama mkubwa hakumwonea kwa siri. Alimrudishia kila pweza. Safi kama yai, alimrudishia. Alimrundikia wale wadogo wenye ute, ambao mtu husugua mpaka kucha zinalegea. Siku moja mama alichoka akauliza kwa mdomo wake mwenyewe, bila kumpitia mtu, amekosa nini. Mama mkubwa akasimama mbele ya wanawake wote wenye visu na kofia za nailoni, akawasimulia mzaha wa marehemu, kisha akawaambia lile ambalo baba hakuwahi kulisema: yeye ndiye yule mke mzima, na wa kujazia ni huyu hapa. Wakacheka. Hata wale waliokuwa wakila nyumbani kwetu sikukuu walicheka. Mama alinihadithia haya jioni ile akikuna nazi, kwa sauti ya kawaida, na aliikuna nazi ile mpaka kifuu chenyewe kikaanza kukunika.

Asubuhi buti kubwa la kulia lilikuwa limepasuliwa nyuma, kwenye kifundo, mpasuko mnyoofu wa urefu wa kidole. Mama mkubwa alilishusha kutoka kwenye kijiti, akatia mkono ndani, kidole kikatokeza upande wa pili. Mama alikuwa anapiga mswaki karibu na kisima.

"Panya," akasema mama, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Lilikuwa buti la mama mwenyewe, alilinunua yeye na kulidhalilikia yeye, na nadhani alijiambia hivyo alipokuwa ananoa kisu. Mimi nilishona nguo ya mtu siku nzima bila kuinua macho. Mama mkubwa hakupiga kelele wala kwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akauzungusha kwenye mpasuko, akaufunga kwa kamba, akaenda kazini, maana posho ni posho.

Maji ya dawa yaliingia. Yaliingia kila asubuhi, yakakaa humo mpaka jioni, mguu wenye tende umelowa katikati ya mikunjo. Ngozi ikachanika baina ya vidole. Mitoki ikamvimba kinenani, ikaja homa ya kumtetemesha kitanda, na mguu ukafura mpaka hata namba kumi na moja ikawa kama kiatu cha mtoto. Nilimwosha mguu ule kwa sabuni, nikaukausha kwa kitambaa laini kama walivyotufundisha zahanatini, na kila nilipomaliza alinishukuru kwa adabu iliyonichoma. Kiwandani walimsubiri kidogo, halafu uongozi wa meza wakampa mama yangu.

Homa ilipotulia, mguu haukurudi ulivyokuwa. Mama mkubwa alilala ukumbini karibu na mlango wake, mguu juu ya mto, na kila asubuhi alimwona mama akitoka kwenda kukaa kwenye nafasi yake, mguuni amevaa buti lake. Dogo, la kulia, namba tano. Siku moja akaniita.

"Mwambie mama yako buti langu alirudishe."

Mwenyewe lisingemfaa kitu. Alitaka tu mama naye abaki nyumbani, na mama alijua hivyo, na mimi nilijua. Nilimfuata mama uani nikamwambia kwa sauti ya chini ampe, mimi nitamnunulia jozi nyingine kwa kushona, na yeye mwenyewe siku hizi ana posho. Alikuwa anafunga kitambaa cha kichwa.

"Alete langu kwanza," akasema.

Nililichukua chini ya kitanda. Mama mkubwa alikuwa amelisugua likawa jeupe kama siku ya kwanza, akabandika mpira juu ya mpasuko kwa gundi, akakwangua kingo zikalala. Ilikuwa kazi nzuri ya mtu mgonjwa. Mama alilipokea, akaligeuza, akapitisha dole gumba juu ya kiraka, akanirudishia.

"Hili lina kiraka," akasema. "Miye nilimpa zima."

Akavaa buti la mwenzake, akagonga kisigino chini mara moja kuhakikisha kimekaa, akapita ukumbini mbele ya ule mguu uliokuwa juu ya mto, akatoka.

Nilirudi ndani na buti mkononi. Mama mkubwa alikuwa ameyasikia yote, mlango wa uani haukuwa umefungwa. Hata hivyo aliniangalia, akasubiri.

"Kasemaje?" akauliza.

Nikamwambia.