Jina Ambalo Esnath Hakuliandika

Mwaka 2001 ofisi ya wakulima wa chai pale Tukuyu ilikuwa na kompyuta moja na anwani moja ya barua pepe, nayo ilitumiwa na vijiji kibao. Mtoto aliyeko Dar es Salaam aliandika jina la mzazi wake juu ya barua. Esnath, karani, akaichapa na kuifikisha. Tatizo lilikuwa matangazo ya dawa za kupunguza unene. Sijui nani aliwaambia wenye matangazo kuwa watu wa milimani wana unene wa kupunguza. Yalijaa mpaka simu iliyoleta barua hizo ikawa inakatika kabla zile za maana hazijashuka kwenye kompyuta.

Andrea, fundi kutoka Mbeya, alimpa njia mbili. "Dada, zishuke zote uzichambue mwenyewe hapa mezani. Au zichambuliwe kulekule kwenye mtambo zinakotoka, kabla ya kushuka: zenye majina utakayoandika zishuke kila asubuhi, nyingine zisubiri Jumamosi."

Esnath alichagua kulekule. Aliandika majina ya wazee wote, isipokuwa moja.

Mzee Ambilikile wa Lufingo alikuwa baba wa mumewe, Hosea. Kwa Wanyakyusa mke hatamki jina la baba mkwe, hasemi naye wala hakutani naye. Akimwona njiani anachepuka migombani. Esnath alifika kidato cha nne, lakini mkono uligoma. Angemwonyesha Andrea jina kwenye daftari la wakulima kwa kidole, yakaisha. Aliona haya, akajisemea kwamba barua ya mkwewe ataiona tu kwa macho. Maskini, ataionaje barua ambayo haijashuka?

Jumamosi alifungua zilizosubiri. Katikati ya matangazo palikuwa na barua ya Jumanne: "Mzee Ambilikile, Jotham amelazwa hapa Dar es Salaam, hali mbaya. Anaomba uje, baba." Jotham alikuwa kitindamimba wa mzee. Basi la alfajiri lingemfikisha baba kwa mwanawe siku hiyohiyo. Esnath bado ameishika karatasi aliyoichapa, simu ikalia: Jotham alifariki jana.

Msibani alijifungia jikoni, akalia kwa uchungu na kwa aibu. Mzee, aliyekwisha kusikia kwamba iliandikwa barua, akauliza kutoka uani, "Mwambieni mke wa Hosea aseme. Barua ya mwanangu ilifika lini?"

Mama mkwe ndiye aliyezoea kupeleka maneno kati yao, lakini sauti ilikuwa imemkauka kwa kilio. Esnath akasema mwenyewe, nyuma ya ukuta:

"Jumanne, baba."

Alikuwa na miaka tisa katika ndoa, na hilo ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia mkwewe.