Matundu ya Boneti

Fundi wa bodi hapimi joto kwa mkono. Gari likiingia gereji, injini ikiwa bado inanguruma, yeye huinama akalaza shavu juu ya boneti na kufumba macho, kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye homa. Wateja wapya hucheka. Wa zamani hutazama pembeni. Viganja vyake vimekakamaa na vinang'aa kama plastiki iliyoyeyuka, na mpini wa nyundo ameuzungushia kitambaa usimponyoke. Leo mwenye gari la spoti ameleta boneti mpya yenye matundu, na fundi akiwa anaifunga, mwenye gari anamsogelea.

"Fundi, niambie kweli, haya matundu yanaongeza mwendo?"

"Hayaongezi."

"Lakini injini itapoa?"

"Kiasi. Ukikwama kwenye foleni, joto litapanda na kutoka lenyewe. Mvua nayo itaingia, na haipigi hodi."

Mwenye gari anacheka, anaonyesha gari bovubovu la fundi lililoegeshwa ukutani, boneti yake imetobolewa kama chujio. "Mbona lako umelitoboa basi, na halimshindi hata kuku mbio?"

Fundi anakaza skrubu ya mwisho polepole. "Mdogo wangu aliuona moshi ukiwa umeshajaa ndani ya gari lake," anasema. "Boneti yake ilikuwa nzima, haina hata tundu. Nikaivuta kwa mikono hii, moto ukiwaka chini yake, ikakataa kufunguka."

Kisha anainama, analaza shavu juu ya boneti mpya, ambayo bado haijawahi kupata moto.