Folda ya Chumvi

Jamani, leo mpwa wangu kaniumbua kwa herufi!

Zuhura anatengeneza albamu ya familia kwenye kompyuta. Aina za herufi kazipanga kwenye mafolda: Harusi, Msiba, Watoto. Mapambo ya maua na pindo za kanga kayaweka kwenye folda lake. Mtoto yule ana mkono mzuri, acheni!

Nikampa picha yangu ya miaka ya tisini, Temeke, nimeegemea gari jeupe.

"Andika: Mjomba na gari lake."

Akafungua folda ya Chumvi.

"Chumvi ndo nini?"

"Herufi za hadithi zako, mjomba. Mama kasema gari lilikuwa la jirani."

Nyumba nzima kicheko!

Neno "lake" kalifuta, ikabaki "Mjomba na gari". Lakini herufi zenyewe nene, zimetuna, zinang'aa.

Nyie semeni, kwa herufi zile nani atauliza gari la nani?