Mkono wa Krismasi

Kila Desemba watu wa korti yetu, yaani majirani wa safu yetu ya nyumba, huniuliza swali lilelile, tena kwa huruma, kama unavyomwuliza mgonjwa iwapo amekula. "Anti, si utume tu kwa simu?" Hunionyesha na namna yake. Unachukua picha uliyotumiwa na mtu, yenye mishumaa inayometameta na maua yanayochanua yenyewe, unaigusa, unawagusa wote unaowajua, kisha unarudi kwenye chapati zako. Nimewahi kupokea picha moja kutoka kwa watu tofauti siku hiyo hiyo, na chini yake zimeandikwa salamu za familia nisiyoijua kabisa, baba na mama na watoto, wote na sweta nyekundu. Nikawajibu: nanyi pia. Mimi ni mtu wa adabu.

Lakini picha zenyewe situmi. Mimi nachonga.

Baba alikuwa karani wa serikali siku za kazi na mchonga vinyago siku za Jumamosi, kama baba yake kule Ukambani. Aliniachia nyumba hii ya Buruburu, patasi zake, na tabia ya kutotoka. Ninashona sare za shule sebuleni. Wateja huja, mimi siendi. Kanisani naenda, sokoni nikilazimika, na zaidi ya hapo dunia ikinitaka inajua geti liko wapi. Kitu ambacho hakuniachia ni kipaji. Kila mwaka nachukua kipande cha mjakaranda, nachonga picha upande mmoja, napaka wino, nagonga kwenye karatasi ngumu, halafu naandika maneno ndani kwa kalamu. Kondoo wangu waliwahi kudhaniwa mbwa. Mwaka wa ngamia, mama wa nyumba ya kona alinishukuru sana kwa picha nzuri ya bodaboda iliyobeba godoro. Nikasema ahsante, nimejitahidi.

Sasa, nyumba tunayopakana ukuta ni ya Bi Mkubwa. Ndivyo ninavyomwita kwa heshima, maana kwa umri angeweza kunizaa kama angeharakisha kidogo. Ni Mswahili wa Pwani, Muislamu, mjane wa dereva wa lori. Walihamia hapa nikiwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, na nikiamini kwamba cheti changu kimenifundisha kila kitu.

Asubuhi ya Idi yao ya kwanza hapa nilisikia mlango ukigongwa. Nikafungua. Watoto wake wote walikuwa wamepanga foleni barazani, nguo mpya, wananukia udi. Wakasema kwa pamoja, "Tumekuja mkono wa Idi!"

Nilifurahi sana. Nikajifuta unga mikononi, nikasimama wima kama mwalimu mkuu, nikamshika kila mmoja mkono. Idi njema. Idi njema. Idi njema nawe. Nikamaliza, nikatabasamu, nikangoja waondoke. Hawakuondoka. Yule mdogo kabisa, kanzu inaburura chini, alitazama kiganja chake. Akaugeuza mkono, akatazama upande wa pili kama kuna kitu kimenata huko. Halafu akaangua kilio.

Bi Mkubwa alikuja ameshika ukuta kwa kicheko. "Mwanangu! Mkono wa Idi haushikwi, hutiwa kitu! Peremende, senti, chochote!" Akashindwa kuendelea, akajifuta macho kwa leso. "Lo! Nyie Wakamba, mkiombwa mkono mnatoa mkono?"

"Sasa Bi Mkubwa, ungetaka tutoe mguu?"

Urafiki wetu ulianzia hapo. Desemba ile nikampelekea kadi. Akauliza nini hii, nami nikamwambia ni mkono wa Krismasi. Jina likashika. Tangu hapo, kwao kukiwa na Idi, sinia huja kwangu limefunikwa kitambaa. Kwangu kukiwa na Krismasi, kadi huenda kwake. Sinia ni kubwa kuliko kadi, najua. Sijawahi kusema biashara ni ya haki.

Kadi ya kwanza ilikuwa na hori na mtoto. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Bi Mariamu umemfunika kichwa vizuri." Nikapona. Lakini maneno ya ndani yalinisumbua. Nilikuwa nimeandika "Heri ya Krismasi", na nilipofika nyumbani nikajiuliza: heri ya Krismasi ya nani? Yeye hana Krismasi. Ni kama kumpongeza mtu kwa harusi ya jirani yake. Mwaka uliofuata nikaandika: Kwangu leo ni Krismasi, na katika furaha yangu nimekukumbuka. Nakutakia kheri nyumbani mwako. Hiyo "kheri" ni yeye aliyeirekebisha. Alisema heri isiyo na kha ni heri ya bara, haishibishi. Sijayabadilisha maneno hayo tangu siku ile. Hayamdai aingie kwenye sikukuu yangu, na hayanidai mimi nijifanye sina.

Desemba iliyopita ndipo wakatokea watu wawili waliotaka kuniachisha, na vibaya zaidi, walikuwa wanakubaliana bila kujuana.

Wa kwanza alikuwa mwanawe Bi Mkubwa, yule yule wa kanzu iliyoburura. Sasa ni mwanamume wa ndevu, amerudi kutoka kazini Ughaibuni, mpole, wa kuvua viatu hata mlangoni kwa fundi wa sare. Alikataa kuketi.

"Anti, naomba usinielewe vibaya."

"Bado hujasema kitu, baba. Nielewe vibaya nini?"

"Hizi kadi za Krismasi. Mama anajiandaa kwenda Hija mwakani, Mungu akipenda. Ningependa nyumba iwe safi na mambo ya... ya sikukuu nyingine. Wewe ni jirani mwema. Salamu za kawaida zinatosha."

"Amekutuma yeye?"

Akatazama soksi zake. "Mimi ndiye kijana wake."

Alisema kwa heshima, na kwa hilo aliniudhi zaidi. Mtu akikutukana una pa kuanzia. Mtu akikuomba taratibu akukatie kamba ya miaka yote hiyo, unamkaribisha chai. Nikamkaribisha chai. Akashukuru, akaenda zake, na nikabaki na vikombe viwili.

Wa pili alikuwa dada yangu mkubwa, nguzo ya kikundi cha akina mama kanisani kwao. Alikuja kunichukua twende ushago, kijijini kwetu, na kama kila mwaka nikamwambia sitoki. Safari hii hata yeye hakutoka, maana magari ya Machakos yalikuwa yamejaa, akabaki kwangu na mizigo yake na maoni yake.

"Huyo Muislamu bado unampelekea kadi?"

"Bado."

"Ya nini? Yesu hamtaki, kadi yake anaitaka ya nini? Unatupa lulu, mdogo wangu."

"Dada, umeziona kadi zangu. Nani aliyekwambia ni lulu?"

Alicheka kidogo, halafu akakumbuka kwamba amekasirika.

Nilikaa na jambo hilo kwenye cherehani, mguu unakanyaga peke yake. Mimi si mtu wa vita. Hata kunguru wakiniibia mandazi dirishani huwa nawaambia mngeomba. Lakini nilijua nikikosa Desemba hii, Idi itakayokuja Bi Mkubwa ataona aibu kuleta sinia, nami nitaona aibu kulipokea, na ukuta uliokuwa wetu sote utakuwa ukuta tu. Na watakaokuwa wameujenga ni wawili ambao hakuna aliyewauliza. Hapana. Kama Bi Mkubwa hataki, aniambie kwa mdomo wake, nami nitaitika ndiyo Bi Mkubwa na patasi nitazifunga. Lakini mdomo uwe wake.

Nikaamua mwaka huo sichongi hori, wala nyota, wala bodaboda. Nachonga mkono. Mkono wa Krismasi wenyewe, mtupu, ili hata mtu wa Hija asiwe na la kuficha. Nikaweka mkono wangu wa kulia juu ya mti, nikauzungushia penseli, nikachonga. Kucha zilinishinda, nikaziacha. Nikapaka wino, nikagonga kadi zote za korti, nikazianika sebuleni kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Nilijiona fundi.

Dada akatoka chumbani na kikombe chake, akasimama mbele ya kamba.

"Mbona yote ni ya kushoto?"

Nikacheka. Kisha nikatazama. Kisha nikaacha kucheka.

Mwenye akili angejua. Unachochonga kulia, wino hukigeuza kushoto. Kwa miaka yote jambo hilo halikunidhuru kwa sababu kondoo hana kulia wala kushoto. Lakini mkono! Kwetu mtoto akikupa kitu kwa kushoto anachapwa. Kwa Bi Mkubwa mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo haifanyiki mezani. Na mimi, binti wa mchonga vinyago, nilikuwa nimemwandalia mtu wa Hija salamu za mkono wa kushoto.

"Unaona?" Dada alikuwa karibu kuimba. "Mungu mwenyewe amekataa."

"Mungu angekuwa anazuia kadi zangu angeanza na ngamia."

Mti mwingine sikuwa nao. Upande wa nyuma wa kile kipande ndiko walikolala ngamia wenyewe. Kesho yake ilikuwa Krismasi. Basi nikachagua kadi iliyokolea wino vizuri, nikaandika ndani maneno yetu yale yale, na tulipotoka kanisani, sikuingia kwangu. Nilipitiliza na nguo zangu za kanisani hadi geti la jirani, Dada nyuma yangu akinong'ona, "Wewe, utafukuzwa."

Alifungua kijana. Akaona bahasha.

"Anti. Si tuliongea?"

"Tuliongea mimi na wewe, baba. Kadi si yako. Mwenyewe akiikataa nitarudi nayo, na mwakani hutaniona. Lakini wewe huwezi kumkatalia."

"Anti, tafadhali—"

"Nani huyo?" Sauti ya Bi Mkubwa kutoka ndani.

"Ni mimi. Nimeleta mkono."

"Umechelewa! Toka asubuhi natega sikio, nikadhani umekufa. Ingia, unasimama getini kama mwuza sabuni?"

Tukaingia. Alikuwa kitini, tasbihi mapajani, miwani puani. Nikampa bahasha. Nilitaka kumweleza kabla hajafungua, kuhusu mti na wino na kugeuka, lakini Dada hakunipa nafasi ya kuaibika peke yangu. "Ni wa kushoto," akasema. "Nilimwambia."

Kadi ilikuwa imeshatoka, na kijana alikuwa ameichungulia juu ya bega la mama yake. "Kweli, Mama. Ni wa kushoto. Hata adabu ya salamu..."

Bi Mkubwa aliisogeza kadi mwangani. Akavua miwani, akaivaa tena. Halafu akainua mkono wake wa kulia, kiganja kikimtazama usoni, akauweka sambamba na ule wa kwenye kadi. Kidole gumba kilielekea kule kule. Vyote vilielekea kule kule.

"Wa kushoto nini?" akasema. "Nyie mnautazama mgongoni. Huu ni kiganja. Mkono wa kulia umefunguliwa, hivi, kama wa mtu anayeomba dua." Akamgeukia mwanawe. "Au wewe huko Ughaibuni mlikuwa mkiomba dua na ngumi?"

Nilimwona kijana akiinua kiganja chake mwenyewe kidogo, pembeni ya paja, akakitazama.

"Mama, mimi nilisema tu kwa ajili ya Hija."

"Hija yangu nitaiendea mimi. Na anayeniambia yuko katika furaha yake akanikumbuka, nimfungie mlango? Nikifika kule niombe nini, niombe majirani wengine?" Akafungua kadi, akasoma polepole, midomo ikicheza, akafika kwenye kheri, akaitamka na kha yake yote kutoka kooni. "Hii sasa inashibisha. Wewe, lete sinia. Na huyu dada yake mpe kiti, amesimama kama amekuja kudai kodi."

Dada aliketi. Kaimati zilipofika alisema hali vitamu kabla ya chakula. Alikula. Baadaye alisema hajui kwa nini zile za kwao kanisani haziwi laini hivi, na Bi Mkubwa akaanza kumweleza habari za hamira, wakanisahau.

Kijana alinisindikiza hadi getini. Bado hakukubaliana nami, niliona, na sikumdai akubali. Alisimama kidogo, akanyosha mkono wa kulia.

"Tusameheane, Anti."

Nikautazama mkono ule. Ulikuwa mpana sasa, wa mtu aliyebeba vitu vizito nchi za watu. Sikuushika. Nilifungua mkoba wangu wa kanisani, ambamo huwa kuna peremende za kunizuia kukohoa wakati wa mahubiri, nikachukua moja, nikamtilia kiganjani, nikavikunja vidole vyake juu yake.

"Idi njema," nikamwambia. "Imechelewa kidogo."

Aliangua kicheko, na kutoka ndani tukasikia mama yake akiuliza kwa sauti kubwa kuna nini huko nje, na nani amepewa nini, na yeye je?